Mbwa, Paka na Barua ya Uhamisho

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati.)



Katibu alipotuandikia kututaka tusimame mbele yenu jioni hii, alitueleza kwamba katika mikutano iliyopita mmekwisha sikia habari za pensheni, habari za mikopo na habari za kupanda madaraja, na kwamba baada ya hotuba ya mwisho wanachama wengi walirudi makwao wakiwa na huzuni kuliko walivyokuja. Kwa hiyo alituomba tuchague jambo la kuwapumzisha watu vifua. Tukafikiri siku mbili tatu, tukaona kwamba wako wenzetu ambao habari zao hazijapata kuzungumzwa katika Chama hiki hata mara moja, ijapokuwa twakaa nao nyumba moja, wala hawalipi kodi, wala hawaleti mshahara, nao aghalabu hula kabla yetu. Maana yetu ni mbwa na paka.

Msicheke bado. Yako maneno mbele ambayo si ya kucheka, nasi tutayafikia.

Wengi wenu mwajua tunakokaa. Ni huko Kimara, juu ya mlima, mahali ambapo mtu hununua kiwanja mwaka huu, akaweka msingi mwaka ujao, akahamia kabla nyumba haijaisha, kwa sababu kodi ya mjini imemshinda. Mlango upo, madirisha yapo nusu, na ukuta wa uani ni michongoma tu. Katika mahali kama hapo hapana mtu anayefuga mnyama kwa fahari. Mbwa yupo kwa sababu ukuta haupo. Paka yupo kwa sababu panya wapo. Twaweza kusema kwamba wameajiriwa wote wawili, tena wote kwa zamu ya usiku, na mchana kutwa wamelala kivulini, jambo ambalo kwa mtumishi wa ofisi lingemletea barua ya kujieleza.

Tuanze na paka, maana yeye ndiye mwenye cheo.

Paka aliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya cheti. Mtakumbuka mwaka 2017, Serikali ilipokuwa ikihakiki vyeti vya watumishi, ikatoka orodha ya watu 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Siku zile hapana mtumishi, hata awe safi kama maji ya mvua, aliyelala usingizi mzima. Usiku kila mtu alivitoa vyeti vyake sandukuni, akavitazama, akavirudisha. Basi jirani yetu mmoja, karani wa idara nyingine, alifungua bahasha yake akakuta panya amekula pembe ya cheti cha kidato cha nne: amekula namba ya mtihani, ameacha muhuri. Alikuja kwetu saa nne za usiku na kile cheti mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, watasema nimekila mwenyewe."

Tulimfariji, na baadaye mambo yake yalitengenea, kwa kuwa Baraza la Mitihani lina kumbukumbu zake na panya wa Kimara hawajafika huko. Lakini asubuhi yake mama watoto alikwenda kwa shoga yake akaomba kitoto cha paka, wala hakungoja kutuuliza. Akampa jina la Mhakiki.

Wazee wamesema, paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya. Aliyesema maneno hayo hakumjua Mhakiki. Yeye hashibi kwa panya, matilaba yake dagaa wa Kigoma. Panya huwakamata kwa bidii, hilo hatulikatai, lakini hawali. Huwaleta mlangoni alfajiri, akawalaza sawasawa kando ya kiatu cha kulia, kisha akakaa akingoja, kama karani aliyeleta faili kwa mkubwa ili litiwe sahihi. Mtu akipita asitazame, hulia mpaka atazamwe. Akiisha tazamwa, huondoka bila neno, na yule panya humwachia mtu mwingine azike.

Tena ana ujuzi mmoja ambao hatujui aliupata wapi. Weka mezani magazeti kumi na karatasi moja inayotakiwa kesho asubuhi: ataipita ile kumi, ataikalia ile moja. Binti yetu alikuwa akimaliza hesabu zake za shule, naye Mhakiki ametoka uani penye matope, akatembea juu ya daftari kutoka pambizo hata pambizo, kwa utulivu kama anayesahihisha. Hapakuwa na wakati wa kuandika upya. Daftari liliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hesabu ni sahihi. Mwambie mwenzio aoshe miguu."

Lakini aliyetuchekesha kuliko wote ni bibi yetu, mzaa baba, alipokuja kututembelea kutoka Muheza. Siku ile aliyofika aliingia sebuleni na bakora yake, akamkuta Mhakiki amelala katikati ya kochi lililo jema kupita yote, wala hakuinuka. Bibi akasimama. Akatutazama, akamtazama paka, akatutazama tena.

"Mume wangu," akasema, "kumbe umeoa mke wa tatu wala hukuniarifu?"

Mama watoto, ambaye bibi humwita mke mwenzangu, akapiga magoti kumwamkia, akamjibu, "Shikamoo bibi. Huyo ndiye mke mkubwa hapa. Sisi sote twamwomba ruhusa ya kukaa."

"Marahaba. Basi leo amepata mkubwa wake," akasema bibi, akanyosha bakora. Juma la kwanza lilikuwa la vita. Bibi akiingia jikoni, Mhakiki akitoka kwa dirisha. Bibi akilala, Mhakiki akirudi kwa dirisha. Juma la pili tukaona vita vimepungua makali, kwa maana usiku ni baridi huko mlimani wakati wa Julai na miguu ya bibi yamsumbua. Juma la tatu paka alilala juu ya miguu ile kila usiku, na mtu akitaka kumwondoa, bibi akisema, "Mwacheni. Paka wa nyumba haingwa." Siku ya kuondoka, tukiwa kituo cha basi na mizigo imekwisha pakiwa, alituvuta kando kama mwenye siri nzito ya ukoo, akatuuliza kama Mhakiki yu karibu kuzaa.

Sasa habari za mbwa. Wetu tuliachiwa na fundi aliyetujengea. Alikuwa mbwa wa kulinda saruji, na saruji ilipokwisha, akabaki yeye. Watoto walimwita Askari. Hatupendi kusema vibaya juu ya mtu asiyeweza kujitetea katika mkutano, lakini kweli haina budi kusemwa. Usiku mmoja walikuja wezi wakachukua ndoo mbili, beseni na kamba ya kuanikia nguo pamoja na nguo zilizokuwa juu yake. Askari alilala fofofo, na asubuhi alikuwa wa kwanza kwenda kunusa mahali pale, kwa uso wa mtu anayeanza upelelezi. Lakini mjumbe wetu alipokuja saa sita ya mchana na tangazo la mkutano wa mtaa, mtu anayekuja kila mwezi, Askari alimpandisha juu ya rundo la matofali. Mjumbe wetu ni mtu anayeiheshimu kazi yake. Akalisoma lile tangazo lote akiwa kule juu, wala hakuruka hata nukta, na alipomaliza akauliza kama kuna swali.

Katika mtaa wetu, kama katika mitaa mingi, jina la mbwa si la mbwa tu; ni barua ya wazi kwa majirani. Mtu akikerwa na maneno ya watu, hanunui ugomvi, hununua mbwa. Yuko bibi mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu aliyechoka kuulizwa habari za mumewe anayefanya kazi mbali. Akampa mbwa wake jina la Hayakuhusu, na kila jioni humwita kwa sauti ya kusikika hata bondeni. Yule aliyekuwa akimuuliza naye alikaa kimya miezi mitatu, kisha akapata mbwa, akamwita Yananihusu. Sasa saa ya kuwalisha mbwa hao ikifika, mgeni apitaye njiani hudhani kwamba mabibi wawili wanapigana, kumbe ni chakula kimeiva.

Tusisahau pia kwamba si kila jirani apenda mbwa, na walio na sababu ya dini wastahili kufikiriwa. Nyumba iliyo mkabala nasi ni ya mzee mmoja, mwalimu wa madrasa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa hunajisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee hapati raha kwenda msikitini alfajiri ikiwa Askari yu njiani na furaha yake yote na ulimi wake wote. Kwa hiyo tulipatana tangu mwanzo: kabla ya adhana Askari hufungwa, naye mzee hupita na kanzu yake salama. Mhakiki naye huvuka njia apendavyo na kulala barazani kwa mzee, na mzee ndiye aliyewaambia watoto wetu kwamba Abu Huraira, yule sahaba aliyepokea hadithi nyingi za Mtume, aliitwa jina hilo kwa ajili ya kupenda kitoto cha paka. Na kila Idi ikifika, mzee hutuletea sinia la pilau, na kando yake amefunga mifupa katika karatasi. Huikabidhi kwa mkono wa kulia na kusema, "Na hii ya yule bwana asiyetajwa."

Mwaka hata mwaka, tarehe 28 Septemba, ni siku ya kukumbusha habari za kichaa cha mbwa duniani. Imechaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa ambaye mwezi wa Julai 1885 alimchoma chanjo kijana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na kijana akapona. Katika siku hizo za Septemba, wataalamu wa mifugo hufika mahali pengi kuchanja, na kwetu walifika uwanja wa shule ya msingi.

Mabwana, aliyekosa siku ile amekosa jambo. Fikirini mbwa sitini ambao hawajapata kufungwa kamba tangu kuzaliwa, wote wamefungwa kamba siku moja, tena kamba ya manila, ya katani, ya pazia, na mmoja amefungwa tai ya mwenyewe ya kazini. Watu wazima wenye heshima zao walivutwa kupita katikati ya bustani ya mboga ya shule. Wengine waliwabeba mbwa wao mgongoni kama watoto. Askari, aliyempandisha mjumbe juu ya matofali, alipoona sindano alijificha nyuma ya mtoto wetu wa miaka 7.

Penye meza alikaa afisa mifugo, kijana mpole, akiandika kadi. Ikafika zamu ya yule bibi wa nyumba ya tatu.

"Jina la mbwa, mama?"

"Hayakuhusu."

Yule kijana akaweka kalamu chini. "Mama, mimi natimiza kazi ya Serikali. Nauliza jina la mbwa niandike kadi."

"Nami nakujibu, mwanangu. Hayakuhusu."

Akavuta pumzi, akamtazama mwenye zamu ya nyuma ili apate msaada. Aliyekuwa nyuma ndiye jirani yule mwingine. "Na wewe mama, wako?"

"Yananihusu," akasema.

"Najua yanakuhusu, ndiyo maana nakuuliza!"

Ilibidi mjumbe aitwe kusuluhisha, naye alisimama mbali kidogo, kwa sababu mwajua alivyo na mbwa. Habari ya Mhakiki tuipite upesi: paka nao huchanjwa, naye aliletwa ndani ya kiroba, akatoka kabla ya wakati, na kadi kumi na mbili ziliandikwa upya.

Sasa tumefika mahali tulipowaambia.

Palikuwa na karani mwenzetu, mwanachama wa Chama hiki, aliyekaa nyumba ya tano kutoka kwetu. Alipata barua ya uhamisho kwenda Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara, naye alitakiwa kuripoti kabla mwezi haujaisha. Nyinyi mwajua barua hizo. Kanuni zamtaja mtumishi, zamtaja mwenzi wake, zawataja wategemezi wake, na mizigo yake yatajwa pia. Mbwa hatajwi. Si mzigo wala si mtegemezi. Basi za mikoani hupokea jogoo ndani ya tenga bila maswali, lakini ukifika na mbwa, utingo hukutazama kana kwamba umeleta chui. Yule ndugu alipakia lori usiku, watoto wanalia, na asubuhi likaondoka. Mbwa alilifuata mpaka Barabara ya Morogoro na kulipita daraja. Jioni alirudi peke yake, nyayo zake zikitoka damu, akalala mbele ya mlango uliofungwa.

Wapangaji wapya walipokuja hawakumjua, wakamfukuza. Akawa mbwa wa mtaa. Watu walimrushia ukoko siku wakikumbuka, na mawe siku nyingine. Septemba ilipofika, kila mbwa alikuwa na mtu wa kumvuta uwanjani. Yeye hakuwa na mtu.

Mwezi wa Novemba mpira wa kijana wetu, yule wa miaka 7, uliingia chini ya lori bovu ambalo mbwa yule alikuwa amelifanya nyumba. Kijana akatia mguu kuuvuta. Akaumwa nyuma ya mguu, meno manne, na damu ikatoka.

Mama watoto alikuwa nyumbani. Alimshika kijana, akamketisha penye bomba, akaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, akiitazama saa ya ukutani. Majirani walikuja mbio kwa huruma, huyu na pilipili, huyu na mafuta ya taa, na yuko aliyeleta manyoya ya mbwa yuleyule yachomwe yatiwe kidondani. Akawakatalia wote kwa adabu wala hakuacha kuosha. Twaliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu twataka kila mwenye mtoto alijue: ugonjwa huu ukiisha onyesha dalili zake, karibu kila mtu hufa, hapana dawa, lakini kabla ya dalili, maji na sabuni na chanjo huokoa. Inakisiwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto, maana mtoto ndiye anayetia mguu chini ya lori. Saa moja baadaye kijana alikuwa hospitali, akachomwa sindano ya kwanza siku ile ile, akaandikiwa tarehe za kurudi.

Huku nyuma vijana wa mtaa wamekwisha shika marungu. Nani angewalaumu? Lakini afisa mifugo alikuwa amesema katika simu: mkiweza, msimwue, mfungeni bila kumkaribia meno, mumtazame siku 10. Akiwa bado mzima siku ya 10, hakuwa na ugonjwa mateni siku aliyouma. Mkimwua leo na kumtupa, hamtajua neno. Sisi tulikuwa hospitali, hatukuwapo kuyasema hayo. Aliyeyasema ni yule mzee mwalimu wa madrasa. Alitoka na kanzu yake nyeupe, akasimama kati ya wale vijana na lile lori bovu, karibu na mbwa kuliko alivyopata kuwa maisha yake yote, akasema, "Siku kumi. Mtoto ni wa jirani yangu. Atakayepiga, anipige mimi kwanza." Vijana wakateremsha marungu, wakamtega mbwa kwa kamba na chakula, wakamfungia katika chumba kisichoezekwa cha nyumba inayojengwa.

Ndugu zetu, tumefanya kazi ya Serikali miaka mingi, tumengoja mambo mengi: kupandishwa, malimbikizo, matokeo ya usaili. Hatujapata kungoja kama siku zile 10.

Kijana wetu alikwenda kila asubuhi kabla ya shule, akachungulia kwa tundu la tofali, akachora mstari wa chaki ukutani. Watu wa mtaa ambao hawakuwa wakiamkiana waliulizana njiani, "Amekula?" "Amekula." "Na maji?" "Amekunywa." Ofisini nako habari zikafika, na karani mmoja wa masjala alipotuona alituuliza kwanza mbwa anaendeleaje, kisha akakumbuka kuuliza mtoto. Siku ya nne mbwa hakula. Habari ikaenea mtaa mzima kabla ya jua kupanda. Mama watoto aliketi jikoni hakuzungumza. Sisi tulikwenda kazini, tukaandika barua moja mara tatu. Jioni ikaja kujulikana kwamba mlishaji wa siku ile, kwa kubana matumizi, alikuwa amempelekea kabichi. Akaletewa ugali na vichwa vya dagaa, akala mpaka sufuria likazunguka. Siku ya sita mjumbe alipita akielekea mkutanoni, na mbwa akambwekea kwa sauti kamili, si ya kukwama kama ya mwenye ugonjwa. Mtaa wote ukashangilia, na mjumbe mwenyewe, akiwa amekwisha panda juu ya jiwe, akavua kofia.

Siku ya kumi afisa mifugo alikuja, akamtazama, akasema, "Mzima," akamchanja palepale. Habari ya sindano za kijana zilizobaki aliiamua daktari. Mzee alirudi kwake kutawadha.

Usiku ule tulimpigia simu yule ndugu wa Sumbawanga. Hatukupiga kwa kumgombeza. Mtu mwenye watoto watano na barua ya siku chache hatuwezi kumhukumu tukiwa tumekaa kitini. Alisikiliza yote. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza kijana wetu anaendeleaje, na baada ya hayo akauliza, "Anaitika jina lake bado?" Wakati huo watoto wetu walikuwa wakimwita Uhamisho. Tukaiweka simu karibu na ukuta, na kutoka Sumbawanga watoto watano wakaita kwa pamoja, "Popi!" Yule mbwa akasimama. Akazunguka chumba mara mbili akiwatafuta.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunalo shauri moja tu mbele ya Chama. Mtumishi akihamishwa, huandika taarifa ya makabidhiano. Twaorodhesha funguo, mihuri, viti, na hata mashine ya kubania karatasi iliyovunjika mwaka juzi, kisha anayekuja hutia sahihi. Twaomba mwanachama anayehama akabidhi na mnyama wake vilevile: jina lake, kadi yake ya chanjo, anakula nini na anamchukia nani. Aghalabu aondokapo mmoja huja mwingine, na ajaye huhitaji mbwa na paka kama alivyohitaji aliyeondoka, maana panya na wezi hawahamishwi. Asipopatikana wa kupokea, jina liandikwe katika daftari la tawi, nasi tutafute. Wenye kutaka kusafiri na mnyama wao waulize mapema ofisi ya mifugo habari za kibali, wasingoje lori liwe limejaa. Iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hatukuja kuwatisha kwa sheria. Ofisini twaonana nayo ya kutosha.

Daftari tumekwisha linunua, nalo li kwa Katibu tangu jana. Ukurasa wa kwanza umeandikwa hivi: Mbwa mmoja, dume, rangi ya kahawia, sikio la kushoto lina kovu. Amechanjwa, kadi ipo. Anaitika majina mawili. Yu kwa mwanachama wa Kimara, ambaye hana haraka ya kumtoa. Hali kabichi.